Mkono Uliopita Kwenye Kioo: Maisha ya Josphat Ndululu Mutie, 1968–2025

Ndugu zetu wa Matinyani, wakwe zetu wa Makindu mliofika kabla jua halijawa kali, na majirani wa Kwa Vonza ambao hamkusafiri lakini mmekuja na viti vyenu wenyewe: tumekutana leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, kumsindikiza Josphat Ndululu Mutie. Wengi wenu mlimjua kwa mabango. Bucha nyingi kati ya hapa na mji wa Kitui zina ng'ombe aliyechorwa kwa mkono wake, na ng'ombe hao wote wanatabasamu, jambo ambalo hakuwahi kulieleza. Lakini kazi aliyoipenda haikuwa na ng'ombe wala mtu ndani yake. Hiyo ndiyo tutakayoizungumzia zaidi, kwa sababu maisha yake yalipitia humo.

Ndululu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 huko Matinyani, mtoto wa pili wa marehemu Mutie na marehemu Kanyiva. Mvua ilinyesha siku hiyo mpaka mkunga akakwama ng'ambo ya mto, naye mtoto hakumngoja. Akiwa bado mdogo, hajaanza shule, alichukua makaa na udongo mwekundu akapaka ukuta mzima wa nyumba mpya. Hakuchora kitu, alipaka tu. Baba yake alimchapa. Kisha akasimama akautazama ule ukuta kwa muda mrefu, halafu akamchapa tena, na mama yake alisema ile ya pili ilikuwa kwa sababu mzee alikuwa ameupenda. Ukuta haukupakwa chokaa mpaka ulipobomoka wenyewe.

Alisoma shule ya msingi huko huko Matinyani kuanzia mwaka 1975 hadi alipofanya mtihani wa CPE mwaka 1981. Kuanzia 1982 hadi 1985 alikuwa shule ya upili ya kutwa mjini Kitui. Hesabu zilimkimbia naye hakuzifukuza. Mwaka 1986 alipokelewa na mzee Hassan, mwandika mabango aliyekuwa na kibanda karibu na msikiti, ambaye familia yake ilitoka pwani zamani. Hassan alimfundisha kushika brashi, kupanga herufi zikae sawa, na kunyamaza mteja anapobishana. Ndululu alimheshimu hadi mwisho, na alipokuwa akitaja jina lake alivua kofia.

Mwezi Oktoba 1997 alikwenda Nairobi kwenye warsha ya wasanii, akarudi na jambo lililomtia wazimu mzuri. Unapaka wino juu ya kioo. Unaukwaruza, unaufuta kwa kidole, kwa kitambaa, kwa jani, unaongeza mwingine. Kisha unalaza karatasi juu, unaisugua mgongo, unaibandua polepole. Kilichokuwa kwenye kioo kimehamia kwenye karatasi, kushoto kumekuwa kulia, na hakirudi tena. Ukilaza karatasi ya pili utapata ukungu tu. Hakuwa na mashine, kwa hivyo alisugua kwa mgongo wa mwiko wa kusongea sima, na kioo chake kilitoka kwenye dirisha la nyumba iliyobomolewa. Aliziita chapa za mara moja.

Watu hawakumwelewa, na tuseme ukweli, sisi wa nyumbani ndio tulioongoza. Rangi zilikuwepo, mistari ilikuwepo, lakini picha ilikuwa wapi? Mtu akimwuliza, "Hii ni picha ya nini?" alimjibu, "Wewe ukila muthokoi, huwa unauliza ni picha ya nini?" Mchungaji wa wakati ule aliipenda moja, ya kijani na nyeusi, akataka kila mwanakamati apate yake kwa ajili ya Krismasi.

"Haiwezekani, pastor. Hiyo imekuja mara moja."

"Sasa wewe artist, si upige tu photocopy?"

"Pastor, na wewe tukikupiga photocopy, nani atahubiri?"

Kamati ilisema ni uchoyo. Ndululu hakubishana nao. Alijua kwamba akimwelezea mtu kitu ambacho kinakuja mara moja tu, mtu huyo atadhani anasikia habari za karatasi.

Mwaka 1999 aliitwa hapa Kwa Vonza kuandika bango la hoteli ndogo ya binti mmoja wa Makindu, Esther Wavinya. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ndululu aliifanya juma zima. Alikaa juu ya ngazi akichungulia ndani, akimtazama Wavinya akipangusa meza. Wavinya alikuwa na namna yake: mduara mkubwa wa mkono mzima, mduara mdogo ndani yake, kisha anakokota kitambaa kwa haraka kuja upande wake hadi ukingoni, makombo yanaangukia kiganja cha pili. Ndululu alikuwa amekula katika hoteli nyingi na hakuwa ameona anayepangusa hivyo. Siku ya tano Wavinya alitoka nje akashika kiuno.

"Fundi, hiyo jina iko na herufi ngapi? Mbona haiishi?"

"Iko na nyingi," Ndululu akasema. "Zingine bado hazijafika."

Wavinya alicheka, na kwa Ndululu mambo yakawa yamekwisha hapo. Agosti 2000 wazee wa Matinyani walifunga safari pamoja na Ndululu kwenda Makindu kupeleka ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa posa. Gari liliharibika wakiwa wamekaribia mji, na wakisubiri litengenezwe mtu akawaambia kwamba kwenye hekalu la Makalasinga msafiri analishwa bure. Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walikula chapati na dengu, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Walipofika kwa kina Wavinya, mama wa binti, Kavindu, alikuwa amepika tangu alfajiri, na wazee wakawa wanaviangalia vyakula kwa macho ya mtu anayeangalia mlima. Kutoka nyuma ya pazia Kavindu alisikika akisema, "Kumbe wametuletea mbuzi na matumbo yaliyojaa." Mzee Mutie alifungua mshipi akaanza upya, kwa ajili ya mwanawe. Harusi ilifanyika kanisani hapa Kwa Vonza tarehe 16 Desemba 2000, na binti yao Kanyiva, aliyepewa jina la nyanya yake, alizaliwa tarehe 3 Machi 2003.

Kavindu alisema kutoka nyuma ya pazia kwa sababu ya nthoni. Kwa wageni wasioijua, ni ile heshima ya Wakamba kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja, hawaitani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Siku hizi vijana wanawapigia mama wakwe zao simu na kuwaita "mum", na hatuwalaumu. Lakini Kavindu alilelewa kwa nthoni, na Ndululu hakuwa mtu wa kumvunjia.

Tarehe 22 Julai 2009 Wavinya alifariki baada ya kuugua mapafu kwa muda mfupi. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Ndululu hakulia mazishini. Alisimama tu akiwa ameshika kofia. Kavindu alikuja kumzika bintiye na hakurudi Makindu, kwa sababu Kanyiva alikuwa na miaka sita na nyumba ilihitaji mwanamke. Basi wakakaa katika boma moja, mwanamume na mama mkwe wake, kila mmoja akimlilia mtu yule yule, wasiweze hata kupeana pole.

Walijitengenezea utaratibu. Kavindu alilala nyumba ya jikoni. Ndululu akikaribia alikohoa, naye Kavindu akatoka kwa mlango wa pili. Palipokuwa na jambo la kusema, Kavindu alimwambia kuku. "Wewe kuku, mwambie mwenye boma sukari imeisha." Ndululu, akiwa upande wa pili wa ukuta, alimjibu kuku huyo huyo kwamba ataleta jioni. Kuku walikuja wakaenda, wengine wakaliwa, lakini kazi hiyo ilirithiwa. Majirani walicheka sana. Hata wao wenyewe, nadhani, walicheka, kila mmoja upande wake.

Mwaka ule mzima Ndululu alikuwa akitafuta kitu kimoja. Hakutaka sura ya Wavinya. Picha za harusi alikuwa nazo, na fremu zake. Alitaka kile ambacho kamera haikushika, kile kinachomfanya mtu ageuze kichwa akidhani yule aliyekufa amepita mlangoni. Alipaka, akasugua, akabandua, akatazama, akasema, "Siye." Akaiweka chini ya kitanda. Chini ya kitanda palijaa Wavinya wasio Wavinya. Alimwambia dada yake Kalunde, anayewasomea haya, kwamba anaogopa. Alianza kusahau sauti ya mkewe ilikuwaje, na akishasahau na hilo lingine, atakuwa amempoteza mara ya pili.

Siku ya kutimiza mwaka, tarehe 22 Julai 2010, alianza kazi asubuhi. Alipaka kahawia ya udongo wa Makindu, akaweka nyeusi juu yake, akaichana kwa kitana. Alihisi amekaribia. Karatasi nzito aliyoagiza ilikuwa imefika sokoni kwa gari la Kitui, kwa hivyo akaacha kioo mezani, wino ukiwa mbichi, na mlango wazi kwa sababu ya harufu, akaenda kuichukua.

Kavindu hakuwa na mazoea ya kuingia chumba kile. Lakini alipita, mlango ulikuwa wazi, na mezani aliona kioo kikubwa kilichojaa matope na masizi. Yeye alilelewa katika nyumba ambamo kioo kichafu ni aibu. Akamhurumia mkwe wake, kama alivyoeleza baadaye. "Nikaona, tangu mke aende, hata kioo hakina wa kukipangusa." Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaanza. Alikuwa hajamaliza aliposikia kikohozi langoni, na kama heshima ilivyodai akatoka mbio kwa mlango wa nyuma, kitambaa akakiacha hapo hapo.

Ndululu aliingia akaona. Alisema hasira ilimpanda hadi masikioni, na hapakuwa na pa kuipeleka. Mtu hamfokei mama mkwe. Mtu hata hamsemeshi. Alikaa pale, karatasi mapajani, na kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya jambo lingine, akailaza karatasi juu ya kile kilichobaki, akachukua mwiko, akasugua. Kisha akaibandua.

Kulikuwa na mduara mkubwa wa mkono mzima. Ndani yake mduara mdogo. Halafu mkokoto mmoja wa haraka hadi ukingoni, wino umesogezwa wote ukajikusanya pale kama makombo. Binti alikuwa amefundishwa na mama yake kupangusa meza, na mama alikuwa amepangusa kioo. Wavinya alikuwa kwenye karatasi. Ndululu alilia kwa sauti kubwa, kilio alichokuwa ameshindwa kukitoa siku ya mazishi. Kavindu, aliyejibanza nyuma ya jiko, alikisikia akajua ameharibu kitu kikubwa.

Kesho yake Ndululu aliitundika chapa ile kwenye ukuta wa nje wa jiko, chini ya paa, mahali ambapo Kavindu angeiona kila anapotoka. Hakuwa na njia nyingine ya kumshukuru. Kavindu aliielewa kinyume. Alifunga nguo zake kwenye leso, akamwambia kuku kwamba gari la Makindu analipanda kesho. Kanyiva alilia mpaka Kalunde akapigiwa simu, akaja kutoka Matinyani.

"Ameniwekea kosa langu ukutani nilitazame kila siku," Kavindu alimwambia. "Nimeelewa. Naenda."

"Mama, si hivyo. Anasema huyo ni Wavinya."

"Wavinya wangu alikuwa na uso."

"Angalia mkono, mama. Usitafute uso."

Kavindu alisogea. Alitazama akiwa na uso wa mtu anayedanganywa. Kisha mkono wake wenyewe ukainuka, ukaenda mduara mkubwa hewani, ukaenda mdogo, ukarudi kifuani. Akaurudia.

"Aiya," alisema. "Mimi ndiye nilimfundisha hivi. Alikuwa anamwaga makombo chini, nilimkemea mpaka akajua."

Alilia hapo alipokuwa amesimama, na Ndululu alikuwa upande wa pili wa ukuta, naye analia. Kalunde aliwaacha akaenda kufungua ile leso na kurudisha nguo mahali pake. Chapa hiyo iliingizwa sebuleni. Wanunuzi kutoka Nairobi waliiomba mara nyingi, na Ndululu alikuwa akiwaonyesha nyingine.

Mwaka 2012 Ndululu aliona mambo yamekuwa mazito mno, akataka kuiondoa nthoni. Wazee wana njia: mwanamume hutoa mbuzi na blanketi, watu wanakaa, wanakula, na kuanzia siku hiyo wakwe wanaweza kusalimiana kama watu wengine. Mbuzi alitafutwa, blanketi likanunuliwa, kakake Kyule akatumwa kupeleka neno. Kavindu alikataa.

"Mwambieni namshukuru," alisema. "Lakini namkimbia kwa sababu ni mume wa binti yangu. Nikiacha kumkimbia, atakuwa nani kwangu? Na Wavinya atakuwa mke wa nani?"

Kyule alidhani kakake atavunjika moyo. Lakini Ndululu alisema, "Mama amesema kweli. Nikikohoa nikisikia mlango wa pili umefunguka, najua bado nimeoa." Blanketi Kavindu alilipokea hata hivyo; baridi haina nthoni. Wazee walimletea Ndululu majina ya wanawake mwaka baada ya mwaka, na kila jina alilisikiliza kwa adabu mpaka mwisho kisha akauliza habari za mvua.

Kuanzia hapo kazi zake zilibadilika. Alipangusa zaidi kuliko kupaka. Baadhi ziko Nairobi, baadhi ziko nchi za watu, kwenye kuta ambazo hatutaziona. Aliendelea kuandika mabango, alikuwa mzee wa kanisa, na alimsomesha Kanyiva hadi chuo cha ualimu. Lakini wa nyumbani walijua kwamba kila Julai alifunga mlango, akatoka jioni macho mekundu, na hakuna aliyemwuliza ametafuta nini.

Novemba 2023 koo lilianza kumsumbua. Alipimwa Nairobi, ikathibitishwa ni saratani, akatibiwa mwaka mzima kwa uvumilivu. Mapema mwaka huu sauti ilipotea kabisa, na kikohozi nacho. Jambo lililomtia wasiwasi kuliko ugonjwa lilikuwa kwamba sasa atamfikia mama mkwe wake bila kumpa taarifa. Akajifunga kengele ya mbuzi kiunoni. Alitembea nayo boma zima, mzee wa kanisa mwenye kengele, na wageni waliokuja kumjulia hali wakiwa na nyuso za huzuni walijikuta wakicheka mbele yake, naye akicheka bila sauti.

Mwezi Mei aliposhindwa kuinuka, kengele iliwekwa mkononi mwake. Kavindu alimpikia uji akauacha mlangoni. Kila alasiri alileta kigoda akakaa nje, chini ya dirisha la mgonjwa, mgongo ukiwa ukutani, akamwita kuku na kumsimulia habari za Wavinya. Wavinya alivyoogopa garimoshi. Wavinya alivyokata nywele za mdoli wa jirani. Wavinya alivyoimba kanisani akasahau maneno akaimba majina ya ndugu zake. Yalikuwa mambo ambayo mumewe hakuyajua, kwa sababu miaka tisa ya ndoa haitoshi kuambiana yote. Kisa kikiisha, kengele ililia mle ndani, maana yake ongeza. Ndululu, aliyemtafuta mke wake kwenye kioo miaka mingi, aliletewa dirishani, kidogo kidogo, utoto wake wote. Kanyiva anasema baba yake hakuwahi kulala alasiri hizo, hata maumivu yalipozidi, alikuwa anasikiliza.

Jumatano tarehe 4 Juni 2025, yapata saa kumi alasiri, Kavindu alimaliza kisa na kengele haikulia. Akangoja. Akakianza upya, kwa sauti ya juu kidogo, akakifikisha mwisho. Kisha akainuka, akazunguka nyumba, na bila kuingia akamwita mjukuu wake: "Kanyiva, ingia kwa baba yako. Ameondoka."

Ndululu ameacha binti mmoja, Kanyiva, kaka, Kyule, dada, Kalunde, wapwa na marafiki wengi, na mama mkwe wake, Kavindu. Juzi mchungaji alimweleza mama huyu kwa upole kwamba kifo kimemaliza mambo ya nthoni, na kwamba leo, kabla jeneza halijafungwa, yuko huru kumtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. Kavindu alifikiri, kisha akasema, "Hapana, pastor. Hilo tumwachie Wavinya. Amefika kule mbele yetu sote. Siku nitakayofika, yeye ndiye atatuambia, haya, sasa tazamaneni." Kwa hivyo jeneza likipita na mkimwona amefunika uso kwa leso na kuwapa mgongo, msimsukume mbele wala msimwonee huruma. Mpisheni nafasi. Anamsindikiza mume wa binti yake.

Ndululu wa Mutie, pumzika kwa amani, kando ya mke wako.